Kucheza kete peke yangu: kwa nini kila mara ninakwama katikati?

Kete za Komwe aliuliza:

Ndugu zangu, assalaam alaykum, na kwa wengine habari za jioni.

Nimehamishiwa Dodoma kikazi tangu mwezi wa tatu, na katika mizigo niliyobeba kutoka Pangani limo bao la marehemu baba yangu, lenye mashimo yake 32 na kete 64 za komwe, ambazo kwa kushikwashikwa miaka nenda miaka rudi zimekuwa laini kama shanga. Huku nilikopanga sijapata mtu wa kucheza naye. Majirani ni watu wema, lakini bao la Kiswahili hawalijui, na mwenzangu mmoja wa kazini anayelijua anakaa mbali na ana watoto wadogo, kwa hiyo siwezi kumwomba aje kila jioni. Matokeo yake bao limekuwa la kufutwa vumbi tu, jambo ambalo linaniuma.

Wiki iliyopita mpwa wangu anayesoma chuo alinionyesha mchezo wa kete wa mtu mmoja uitwao Tchoukaillon, ambao yeye huutamka "chukayoni". Kama nilivyoelewa, mashimo hupangwa katika mstari mmoja, na kwenye ncha moja ya mstari huwekwa chombo cha kukusanyia kete; mimi ninatumia kifuu cha nazi. Shimo lililo jirani kabisa na kifuu ni la 1, linalofuata ni la 2, na kuendelea hivyo kwenda mbali. Unaruhusiwa kuchukua kete za shimo endapo tu idadi yake inalingana sawasawa na namba ya shimo hilo. Ukizichukua, unaziangusha moja moja katika kila shimo ukielekea kwenye kifuu, na kete ya mwisho inaingia ndani ya kifuu. Ukifaulu kuziingiza zote umeshinda. Ukifika mahali ambapo hakuna shimo linaloruhusiwa kuchezwa na kete bado zimo ubaoni, umeshindwa.

Alinipangia kete 9: shimo la 1 kete 1, la 2 kete 2, la 3 kete 2, na la 4 kete 4. Akanihakikishia kwamba mpango huo una njia ya ushindi, kisha akapanda basi kurudi chuoni. Mimi nikaanza na shimo la 4, kwa sababu ndilo lenye kete nyingi na linaruhusiwa. Mashimo yakawa na kete 2, 3, 3, na la nne tupu. Nikacheza la 3, nikabaki na kete 3 katika shimo la 1 na kete 4 katika shimo la 2, na hapo ndipo mwisho wa safari: kete 2 katika kifuu, kete 7 ubaoni, hakuna pa kwenda. Nimejaribu tena kwa kuanzia shimo la 2, nikakwama vilevile.

Ninaomba kuelimishwa mambo mawili. Kwanza, ni kanuni gani inayomwongoza mchezaji achague shimo lipi pale ambapo mashimo mawili au matatu yanaruhusiwa kwa wakati mmoja? Pili, mchezo huu ni wa nani? Je, ni wa wazee wa mahali fulani au umetungwa juzi tu?

Mwalimu wa Hisabati alijibu:

Ndugu yangu, swali lako la kwanza lina jibu kamili, tena fupi: cheza daima shimo linaloruhusiwa ambalo liko karibu zaidi na kifuu. Sababu zake ni nzuri kuliko jibu lenyewe, kwa hiyo naomba univumilie.

Ninapoufundisha mchezo huu darasani huwa nalisema shimo lenye kete zinazolingana na namba yake kuwa limeiva, na shimo lenye kete zinazozidi namba yake kuwa limeoza. Shimo ambalo halijaiva linaweza kuongezewa kete kila unapocheza shimo lililo mbali zaidi yake, hadi liive. Lakini likishaoza halina dawa, kwa kuwa njia pekee ya kupunguza kete za shimo ni kulicheza, na kulicheza kunataka idadi iwe sawasawa na namba yake. Shimo la 1 likipata kete 2, kete hizo mbili zitakaa humo hadi utakapoinuka na kukunja mkeka.

Sasa tazama ulichokifanya. Katika mpango wa 1, 2, 2, 4 mashimo matatu yalikuwa yameiva kwa pamoja: la 1, la 2 na la 4. Ulipocheza la 4 uliangusha kete moja katika la 3, moja katika la 2 na moja katika la 1, na mashimo ya 1 na 2, yaliyokuwa yameiva, ukayaozesha kwa mkono wako. Mchezo ulikuwa umekwisha pale pale, ingawa ulipata nafasi ya kucheza mara moja zaidi. Ulipoanza na la 2 ulilipa la 1 kete ya pili, na msiba ukawa ule ule. Ndiyo maana hakuna hiari katika mchezo huu: kila mara yanapoiva mashimo mawili, la mbali likitangulia, la karibu linaoza.

Jaribu hivi. Cheza la 1. Kete yake inaingia kifuuni. Cheza la 2. Moja inaangukia la 1, nyingine kifuuni. Cheza la 1 tena. Sasa mashimo ya 1 na 2 ni matupu, la 3 lina kete 2 ambazo hazitoshi, na la 4 lina kete 4, kwa hiyo hapo ndipo zamu ya la 4 inapofika. Likishachezwa ubao unakuwa na 1, 1, 3 na tupu. Endelea: la 1, kisha la 3, kisha la 1, kisha la 2, kisha la 1. Hesabu mizunguko yote utaona ni 9, sawa na idadi ya kete, kwa kuwa kila mchezo mmoja unaingiza kete moja tu katika kifuu, haizidi wala haipungui.

Kuhusu historia ninawaachia wanaoijua vyema.

Msomaji wa Michezo alijibu:

Mwalimu ameeleza vizuri. Mimi nitajibu swali la pili, kwa kuwa nimekuwa nikifuatilia michezo ya kete ya mataifa mbalimbali kwa muda mrefu.

Tchoukaillon ni mchezo mpya na si urithi wa kijiji chochote. Ulitungwa nchini Ufaransa na Véronique Gautheron katika miaka ya 1970, na ulifahamika kupitia kitabu cha André Deledicq na Assia Popova kuhusu michezo ya kete ya Afrika, kilichotoka mwaka 1977. Haukutungwa kutoka hewani, hata hivyo. Mama yake ni mchezo mwingine wa mtu mmoja uitwao Tchuka Ruma, ulioelezwa kwa maandishi mwaka 1895 na Henri-Auguste Delannoy, Mfaransa aliyekuwa ofisa wa jeshi na mpenzi mkubwa wa hesabu. Ndiye huyo ambaye wanahisabati wanazikumbuka namba za Delannoy kwa jina lake. Tchuka Ruma husemwa kuwa umetoka upande wa visiwa vya Indonesia, lakini mchezo wa kete unaojulikana sana huko, congklak, ni wa watu wawili, kama ilivyo omweso ya Uganda, igisoro ya Rwanda na bao letu. Kwa maoni yangu ni busara kuuhesabu Tchuka Ruma kuwa mchezo wa karne ya 19 uliopitia mikono ya Wazungu, bila kuubebesha ukale ambao hauna ushahidi.

Ndugu Kete za Komwe, kwa kuwa wewe ni mtu wa bao, nadhani huo mama utakupendeza kuliko mwana, kwani una ladha ya kuendelea ambayo mkono wako umeizoea. Unahitaji mashimo 4 yenye kete mbili mbili, na la tano tupu upande wa kulia, ambalo ndilo ruma, yaani hazina. Unachukua kete za shimo lolote kati ya yale manne na kuzisambaza kwenda kulia. Ukipita ruma unaangusha moja humo na kurudi kuanzia shimo la kushoto kabisa. Kete ya mwisho ikiangukia ruma, unachagua shimo jingine upendalo. Ikiangukia shimo lenye kete, unazichukua zote pamoja na hiyo uliyoangusha na kuendelea kusambaza. Ikiangukia shimo tupu ambalo si ruma, imelala, na mchezo umekwisha kwa kushindwa. Lengo ni kete zote 8 ziwe katika ruma.

Tuyaite mashimo hayo a, b, c na d kutoka kushoto. Nitakupa njia moja ya ushindi kwa ukamilifu, ili uifuate kwa kidole. Anza na c: moja inaingia d, moja inaingia ruma. Cheza d, ambalo sasa lina 3: ruma, a, b, kete ya mwisho imekuta kete mbili katika b, kwa hiyo chukua zote tatu na uendelee c, d, ruma. Sasa a lina 3, b tupu, c moja, d moja, na ruma ina 3. Hapa ndipo wengi wanapoharibu kwa kukimbilia d kwa sababu liko jirani na ruma; acha d, cheza c. Kete yake inaikuta ya d, unachukua mbili, moja ruma na moja a, na kwa kuwa a lilikuwa na 3 unachukua zote 4 na kusambaza b, c, d, ruma. Sasa ndipo ucheze d. Kisha b: kete yake inaikuta ya c, unachukua mbili, moja d, moja ruma. Malizia na d. Ruma ina 8.

Utaona tofauti ya tabia. Katika Tchoukaillon hakuna uchaguzi, kuna utiifu kwa kanuni. Katika Tchuka Ruma uchaguzi upo na unauma, kwani shimo la karibu wakati mwingine ndilo mtego.

Fundi wa Barazani alijibu:

Kete za Komwe, mwanangu, pole kwa mzazi wako, Mwenyezi Mungu amrehemu. Mtu aliyekuachia bao amekuachia kitu.

Ninayo maneno machache kwa sababu jambo hili linanihusu. Nimecheza bao tangu nikiwa na miaka tisa, na sasa wajukuu zangu wamepita umri huo. Ninaomba mchezo huu msiuite bao. Uchezeni, fundisheni watoto, lakini uitwe kwa jina lake. Bao ni watu wawili wanaotazamana. Katika bao kete zangu zinaweza kuwa zako kabla sijameza mate, na nyumba yangu, lile shimo kuu, niliyoilinda tangu kunamua, yaani tangu tulipoanza kuingiza kete ubaoni, inaweza kuliwa kwa kete moja niliyoisahau kwenye kichwa, shimo la mwisho wa safu. Ninapoangalia ubao ninaangalia pia macho ya mwenzangu, anapumua vipi, mkono wake unasitasita juu ya shimo gani. Hayo hayapo katika mchezo wa kifuu. Pale hakuna kula kete za mwenzako, hakuna mtaji, yaani zamu ya kula, hakuna kutakata, yaani kusogeza kete tu kwa sababu umekosa cha kula. Kuna hesabu tu.

Hata hivyo sisemi hesabu ni kitu kidogo. Marehemu fundi aliyenifundisha alikuwa akikaa peke yake baada ya alfajiri, anapanga kete katika safu zake mbili, anaanza shimo moja na kulifuata hadi lilale, kisha anarudisha kete zote kama zilivyokuwa na kuanza shimo jingine. Kurudisha ndiko kulikokuwa mtihani. Alikuwa akituambia kwamba asiyeweza kurudisha kete kama zilivyokuwa hajaona alichokicheza. Kwa hiyo mtu kukaa na kete peke yake si jambo geni kwetu. Geni ni kwamba kwa Wafaransa kukaa huko peke yake kumegeuzwa kuwa mchezo wenye kushinda na kushindwa.

Swali langu kwa Mwalimu: huo mchezo wako unaweza kurudishwa nyuma?

Kete za Komwe alijibu:

Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa dua. Nimekuelewa, sitauita bao.

Mwalimu, nimefuata maelekezo yako jana baada ya isha na kete zote 9 zimeingia. Nilirudia mara tatu, na mara ya tatu nilifanya kwa haraka kiasi kwamba mlio wa kete kwenye kifuu ukawa na mpigo wake: shimo la 1 linajibu kila baada ya mchezo mmoja, kama mtu anayeitikia. Msomaji wa Michezo, Tchuka Ruma imenikalisha hadi saa sita usiku. Ulivyosema kuhusu kukimbilia d ni kweli kabisa, kwani nilitaka kuhakikisha na nikakwama.

Sasa nina jambo linalonisumbua. Mpwa wangu alinipa mpango mmoja wa kete 9. Mimi ninazo kete 64. Nilijipangia mipango yangu mwenyewe kwa kubahatisha, kete 12 hivi, kete 15, na kila mpango ulikwama hata nilipofuata kanuni ya shimo la karibu. Nitajuaje mpango upi una ushindi? Na swali la mzee linaniingia: kama mchezo unaweza kurudishwa nyuma, huenda jibu limo humo.

Mwalimu wa Hisabati alijibu:

Mzee Fundi, shikamoo. Swali lako ndilo ufunguo wenyewe. Unarudishwa nyuma, tena kwa njia moja tu, na kutokana na hilo tunapata jambo ambalo mimi binafsi kila mwaka ninapolifundisha hunipa furaha ile ile: kwa kila idadi ya kete upo mpango mmoja wenye ushindi, na ni mmoja tu. Ndugu yetu alipobahatisha kete 15 alikuwa anatafuta mpango mmoja katika msitu.

Huu ndio urejeshaji. Kila mchezo huacha shimo moja tupu na kuongeza kete moja katika kila shimo lililo kati yake na kifuu, na moja ndani ya kifuu. Basi ukitaka kurudi nyuma, tafuta shimo tupu lililo karibu zaidi na kifuu. Chukua kete moja kutoka kifuuni, na moja kutoka kila shimo lililo kabla ya hilo tupu, kisha zitie zote humo. Ni lazima liwe lile tupu la karibu zaidi, kwa sababu ukilenga la mbali utalikuta lile tupu njiani halina kete ya kukupa.

Weka kete zote katika kifuu, ubao mtupu, uanze kujenga. Kete ya kwanza inakwenda shimo la 1. Kwa kete ya pili, shimo tupu la karibu ni la 2: chukua moja kifuuni na moja ya shimo la 1, la 2 linapata 2. Kete ya tatu inarudi shimo la 1, unakuwa na 1, 2. Ya nne inafungua shimo la 3: tupu, 1, 3. Ya tano: 1, 1, 3. Ya sita inafungua shimo la 4: tupu, tupu, 2, 4. Ya saba na ya nane na ya tisa zitakuleta kwenye 1, 2, 2, 4, mpango wa mpwa wako. Kwa hiyo hakuubuni. Ndio pekee uliopo kwa kete 9. Na ule wa kete 15 uliokusumbua ni huu: 1, 2, tupu, 2, 4, 6.

Sasa kuna jambo la kutazama kwa makini. Shimo jipya halifunguliwi kila kete. Linafunguliwa pale tu mashimo yote yaliyotangulia yanapokuwa na kitu. Shimo la 1 linafunguliwa na kete ya 1, la 2 na kete ya 2, la 3 na ya 4, la 4 na ya 6, la 5 na ya 10, la 6 na ya 12, la 7 na ya 18, la 8 na ya 22, la 9 na ya 30, la 10 na ya 34. Ukitaka kuijua namba ya shimo lolote bila kujenga mpango wote, fanya hivi: chukua namba ya shimo, ipandishe hadi kigawe cha kwanza cha namba inayoitangulia ambacho hakipungui hapo ulipofika, kisha hadi kigawe cha namba inayofuata kushuka, hadi umalize. Kwa shimo la 8: kutoka 8 panda hadi kigawe cha 7, ambacho ni 14, hadi kigawe cha 6, ambacho ni 18, cha 5 ni 20, 20 tayari ni kigawe cha 4, kwa hiyo baki hapo, cha 3 ni 21, cha 2 ni 22. Jibu ni 22.

Na hapa, wapenzi wa bao, itazameni hiyo 22. Safu moja ya bao ina mashimo 8. Kete 22 ndizo chache kabisa zinazohitaji safu nzima, na kete 22 ndizo kila mchezaji wa bao la Kiswahili anazoshika mkononi anapoanza kunamua, baada ya kuweka 6 katika nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani. Ni sadfa tu, sidai zaidi ya hapo, lakini ni sadfa ninayoipenda. Mpango wake ni tupu, 1, 1, tupu, 2, 4, 6, 8. Shimo lililoiva ni moja pekee, la 8, lililo mbali kuliko yote, na ndilo unaloanza nalo. Safu hiyo moja inaweza kubeba hadi kete 29. Ya 30 inadai shimo la tisa.

Jambo la mwisho ni la wanaopenda hesabu. Chukua namba ya shimo, izidishe kwa yenyewe, kisha gawanya kwa idadi ya kete inayolifungua. Kwa shimo la 10 ni 100 kwa 34, sawa na 2.94. Kwa shimo la 20, linalofunguliwa na kete 132, ni 400 kwa 132, sawa na 3.03. Namba hiyo hupanda na kushuka kidogo njiani, lakini kadiri mashimo yanavyoongezeka bila kikomo inasogelea pai, ile ile 3.14159 ya duara. Paul Erdős na Eri Jabotinsky walilithibitisha jambo hilo mwaka 1958 kwa upande wa mfuatano wa namba, bila kushughulika na mashimo wala kete, na mwaka 1995 Duane Broline na Daniel Loeb wakaandika kuhusu mfuatano huo na Tchoukaillon yenyewe. Katika mstari wa mashimo usio na duara lolote isipokuwa ukingo wa kifuu, pai inatokea. Nimefundisha miaka mingi na bado jambo hili linanisimamisha.

Fundi wa Barazani alijibu:

Mwalimu, waalaykum salaam na marahaba. Nimekaa na mjukuu wangu wa kike tukajenga hadi kete 22 kwa njia yako ya kurudi nyuma, kisha tukaucheza kwenda mbele hadi zikaisha. Yeye alikuwa ananiwahi. Alikuwa haangalii namba. Anaangalia tu shimo la karibu lililoiva, na kidole chake kinakwenda chenyewe. Nililishika bao kwa mkono wa kushoto nisije nikamkatiza.

Nina swali moja ambalo halikujibiwa. Mwanangu wa Dodoma anazo kete 64 na katika bao mtu ana safu mbili, mashimo 16. Zote 64 zinaenea upande mmoja?

Mwalimu wa Hisabati alijibu:

Zinaenea, mzee wangu, na nafasi inabaki. Shimo la 13 linafunguliwa na kete ya 58, la 14 na ya 60, na la 15 linasubiri kete ya 78 ambayo bao halina. Kwa hiyo kete zote 64 zinahitaji mashimo 14. Mnafika mwisho wa safu ya mbele, mnapinda kwenye kichwa, na kuendelea katika safu ya nyuma.

Ninaomba nisiuandike mpango wenyewe. Ndugu Kete za Komwe aujenge.

Kete za Komwe alijibu:

Nimeujenga, na nimechelewa kuandika kwa sababu hiyo. Ijumaa usiku nilikosea mahali fulani baada ya kete 40, nadhani niliruka shimo tupu la 4 nikaenda kwenye la mbali, nikajikuta sina kete ya kuchukua njiani, kama Mwalimu alivyoonya. Nikamwaga zote katika kifuu nikaanza upya. Kifuu chenyewe hakikutosha, ilinibidi niongeze bakuli.

Leo asubuhi nimefika 64. Kuanzia shimo la 1, safu ya mbele ina tupu, 1, 3, tupu, tupu, 4, tupu, 2. Na baada ya kupinda, safu ya nyuma ina 4, 6, 8, 10, 12, 14, kisha mashimo mawili matupu mwishoni. Nimejumlisha mara mbili, ni 64. Upande wa pili wa bao, ambao baba alikuwa akiniketisha nilipokuwa mdogo, hauna kete hata moja.

Mzee wangu, nimekukumbuka: nimeurudisha wote nyuma bila kuandika kokote. Lililoiva karibu zaidi ni shimo la 3. Mwenzangu wa kazini ameniambia atapita leo jioni na mwanawe mkubwa, kwa hiyo sijaligusa. Nimelifunika bao kwa kanga ili kete zisisogezwe, mtoto aanze yeye.